Jembe Kavu la Mtunza Bustani

Makofi ya mkutano yananitia kinyaa mpaka leo. Kilianzia kwenye darasa la kisomo cha watu wazima pale Mbuba, wakati wa vita, malori ya jeshi yakipita na chumvi ikiwa adimu. Mwalimu wetu, kijana aliyekuja kunioa baadaye, alikuwa na riwaya ya upelelezi ya Kiingereza. Tukimaliza silabi alikuwa akitusomea kipande, akikitafsiri papo hapo.

Bibi mmoja tajiri ameuawa nyumbani kwake. Wanaoshukiwa ni wawili: mwanawe na mtunza bustani. Mtunza bustani anaapa kwamba alikuwa analima tangu alfajiri, mvua ikimnyeshea. Lakini mpelelezi analikuta jembe lake limeegemezwa ukutani, kavu, halina hata tope. Sisi tuliokuwa tunashinda shamba la kijiji tukikwangua tope kwenye majembe, tulihitaji ushahidi gani tena? Nikasimama, nikasema muuaji ni huyo wa bustani.

Siku hiyo katibu wa chama alikuwa amekuja kutukagua. Alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma, akatema makapi karibu na miguu yangu. Nikairudisha miguu nyuma kwa kinyaa.

"Mama, mfanyakazi amuue nani? Muuaji ni bepari! Nchi iko vitani, wewe unatetea mabepari? Mwalimu, kitabu kinasemaje?"

Mwalimu akafunua kurasa za mwisho, akasoma kwa sauti iliyomkauka: muuaji ni mtoto wa tajiri. Makofi yakalipuka. Tangu hapo niliitwa wakili wa mabepari, na shambani hakuna mwanamke aliyetaka kulima karibu nami.

Hata tulipooana nilimuuliza mara nyingi. "Ndivyo kilivyoandikwa," alinijibu kila mara. Kitabu chenyewe, eti kilipotea.

Juzi binti yetu alituletea televisheni. Jioni ikaja filamu: bibi yule yule tajiri, na jembe kavu ukutani. Nikaacha kuchambua maharage. Mzee wangu akataka tubadilishe stesheni, eti apate taarifa ya habari. Nikaificha rimoti ndani ya kanga. Mwishoni polisi wakamfunga pingu mtunza bustani, na pingu hazihitaji mtu wa kutafsiri.

Nilimtazama mume wangu, nikasikia kinyaa kile kile cha makapi ya muhindi. Akainamisha kichwa.

"Mbele ya katibu kama yule, ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Nilishasema," nikamjibu. "Nikiwa nimesimama."