Siku Niliyosema "Rudi"

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya chuma cha moto ndiyo inayonipeleka tena kwenye ule ukumbi wa mabati. Kila Fanueli alipowasha mashine yake, vumbi la tangu jana liliungua kwanza, ndipo sauti ikaja. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mugutha, na kukiita kijiji ni kukipamba tu, kwa maana kilikuwa zizi. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Tulitolewa kwenye mashamba yetu, tukapangiwa nyumba kwa mistari, tukazungushiwa handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, tukaachiwa lango moja. Wanawake walifunguliwa alasiri kwa muda wa saa moja hivi ili wachume mboga na kuteka maji. Muda ukiisha, kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa la ukumbi kilitoa neno moja la askari, "Rudi!", na aliyechelewa alijua kitakachompata. Sisi watoto hatukutoka kabisa. Nilikuwa na miaka tisa, na nililichukia lile handaki kwa moyo wangu wote.

Fundi wa kipaza sauti alikuwa Fanueli. Kwao ni Maragoli, huko magharibi, kwa hiyo lango halikumhusu. Aliingia na kutoka akipiga mluzi, nami nilimwonea wivu wa kuumiza. Jumapili alipiga gitaa la umeme kwenye jumba la wafanyakazi kule Thika, na alikuwa na hamu moja: gitaa lisikike kana kwamba linapigwa bondeni penye maporomoko ya Chania, sauti igonge mwamba irudi. Basi aliichokonoa mashine ya tepu iliyoletwa kwa ajili ya matangazo. Utepe wa kahawia ulipita kwenye kichwa kimoja kilichonasa sauti, ukasafiri kidogo, ukafika kwenye kichwa cha pili kilichoitoa. Hicho cha pili alikifungua kutoka kwa mashine nyingine iliyokufa. Akikisogeza mbali, sauti ilichelewa; akikileta karibu, ilimkanyaga visigino mwenzake aliyetangulia. Tena palikuwa na kidude cha kuzungusha, cha kuamua sauti irudi mara ngapi. Akikizungusha kidogo, ilirudi mara moja. Akiongeza, mara tatu. Akipitisha kiasi, haikukoma. Mikono yake ikiwa kazini, mimi ndiye niliyesema kwenye maikrofoni na kuamua, kwa sababu alidai masikio yake yalishaharibiwa na jenereta. "Ngapi hiyo?" aliniuliza kila mara. "Tatu, lakini ya tatu inakohoa," nilimjibu, naye alicheka na kukisogeza kichwa cha pili upana wa ukucha. Hapo tu, katika kijiji kizima, palikuwa na mtu mzima aliyefuata neno langu.

Baba yangu alikuwa mfungwa, akivunja mawe kwenye machimbo ya Ruiru. Siku moja habari ikapenya langoni kwamba kesho yake wafungwa wangehamishwa mbali, wapi hakuna aliyejua. Kutoka mtoni wanawake walikoteka maji hadi machimboni ni mwendo wa kukimbia. Mama akachukua debe, ndani yake akaficha viazi vitamu na sweta aliyomfumia baba. Nilimshika nguo.

"Maitu, twende wote."

"Kaa ukumbini, kairitu, binti yangu. Usitoke hapo mpaka nirudi."

Nikaenda ukumbini nikiwa nimenuna. Fanueli alikuwa tayari ameinamia mashine. "Sema kitu, kasichana," akaniambia. Nikasema neno lililokuwa limebaki masikioni mwangu, la mama. "Rudi." Likajibu: rudi, rudi, rudi, likafa vizuri.

"Ongeza," nikasema.

"Nikiongeza hapa itaruka kichwa hii, haitakoma."

"Kidogo tu, Fanueli."

Akazungusha. Nikalisema tena, kwa nguvu zangu zote, na neno likakataa kufa. Rudi, rudi, rudi, likazidi kuvimba hadi mabati yakatetemeka. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kwa mara ya kwanza kitu changu kilikuwa kinakwenda bila kuzuiwa na mtu. Kisha Fanueli akainua macho, akauona waya wa kipaza sauti cha paani. Hakuwa ameuchomoa tangu tangazo la mchana. "Mungu wangu," akasema, akauvuta kwa mikono miwili.

Alikuwa amechelewa. Muda si mrefu wanawake walikuwa wakimiminika langoni na madebe matupu, mama akiwa mbele yao wote, kitenge kimemtoka kichwani. Askari akawahesabu, akafunga, na hakufungua tena siku hiyo. Mama alinishika mikono, akanipapasa mabega na kichwa. Debeni mwake bado mlikuwa na viazi na sweta.

Baba hakurudi. Nikaubeba ukweli wa ile sauti peke yangu hadi nikawa na watoto wangu, na mama akawa kikongwe wa kuotea jua mlangoni kwangu Gatong'ora. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba ile sauti haikuwa ya askari.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Ya askari ningeiacha ipige kelele. Nilikuwa nimekubali kuchapwa. Nilikuwa nayaona machimbo, hata vumbi lake. Lakini ilikuwa sauti yako, na haikuwa inakoma. Nikajua mtoto wangu anauawa."

Handaki lilifukiwa zamani, juu yake kuna nyumba za kupanga na duka la mboga, nami natoka nipendapo. Hata hivyo mtu akiita "rudi" barabarani, miguu yangu husimama yenyewe. Mjukuu wangu anapiga gitaa hapa Ruiru. Kazi iliyomtoa Fanueli jasho yeye huifanya kwa kisanduku kidogo anachokikanyaga kwa mguu. Juzi alininyooshea maikrofoni.

"Cucu, sema kitu nitest. Niweke irudi mara ngapi?"

"Moja," nikamwambia. "Usiongeze."

Nikasogea karibu, nikasema, "Nenda." Kisanduku kikasema nenda, kikanyamaza.