Katambuga Moja ya Ekzosi

Mjomba alikuwa akinyolea ndevu kwenye ekzosi ya pikipiki yake. Sitanii. Kila Jumapili kabla ya kanisa alichuchumaa uani kwake Nyakato, povu shavuni, akijitazama kwenye lile bomba la moshi lililong'aa. Soko lilikuwa limeshafunguliwa, madukani vioo vimejaa vya kila nchi, lakini yeye alisema vioo vya soko huria vinamnenepesha.

Alipostaafu akaamua kuhamia Ukerewe. Akatangulia mwezi mzima kujenga, pikipiki akaniachia mimi.

"Mpwa wangu, nikirudi nikaikuta ekzosi haina mchubuko, pikipiki ni yako. Ikiwa nao, anachukua mume wa dada yako."

Shemeji tayari alikuwa na baiskeli mbili. Nilishazihesabu.

"Mchubuko mmoja unaruhusiwa, mjomba?"

"Hapana."

"Nusu?"

Akabeba begi lake, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba Mabatini, juu ya mawe. Stendi ya pikipiki iko kushoto, ekzosi iko kulia, na mwamba wa mlangoni kwangu uliinamia kulia. Siku ya kwanza tu ikalala chini. Bahati yake iliangukia matandiko ya jirani aliyokuwa ameanika. Jirani hakuiona kuwa bahati.

Kesho yake nikaenda Buzuruga kwa fundi wa katambuga, zile ndala za matairi zisizokufa.

"Nataka moja," nikamwambia.

"Ya mguu upi?"

"Ya pikipiki."

Akaniangalia, akaiangalia pikipiki. "Inavaa namba ngapi?"

Wateja kwenye benchi wakacheka. Nikamweleza kwamba nataka kuifunga ubavuni mwa ekzosi, ikianguka ianguke na kiatu. Akasema moja ni bei ya mbili.

"Kwa nini?"

"Ya pili nimuuzie nani? Nikae nimngoje mwenye mguu mmoja?"

"Si usiikate hiyo ya pili!"

"Nikishakata ya kwanza, mkono unaendelea wenyewe."

Tukakubaliana bei ya moja na nusu. Nusu yenyewe sikuwahi kupewa. Nikaifunga kwa mpira wa tyubu, nikaondoka najiona mhandisi. Kabla sijafika Mabatini, mama mmoja muuza dagaa akapiga kelele: "Kaka, kiatu chako kinaungua!"

Nikaangalia miguu yangu. Viatu vyote viwili vizima. Nikaangalia tena, kwa uhakika. Ndipo nilipouona moshi mweusi nyuma yangu.

Raba iliyeyuka, ikaacha doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Nilisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa kucha. Halikutoka. Nikarudi kwa fundi.

"Wewe bwana," akasema, "ekzosi ni jiko. Nani anavalisha jiko kiatu?"

Akanipeleka kwa jirani yake mchomeleaji. Wakafunga kipande cha nondo kwenye fremu, kando ya pedeli, kikatokeza nje kuipita ekzosi kama shubiri moja. Ile katambuga iliyobaki nusu tukaifunga kwenye ncha. Hapo sasa ikilala, inalalia kiatu, na ekzosi inabaki hewani, imepoa zake.

Mwezi ule ilianguka mara kumi na moja. Nilipohesabu mara ya pili zikawa kumi na mbili, kwa sababu ilianguka nikiwa nahesabu. Mchubuko haukuwepo hata mmoja.

Jumapili aliyorudi mjomba, nikaipeleka Nyakato mapema, ekzosi ikapoa kabla hajafika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Akafumba macho, akapitisha kidole kwenye ekzosi toka mwanzo hadi mwisho akitafuta mchubuko, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha, kwa mazoea, akaitisha maji na sabuni, akachuchumaa kunyoa.

Shavu la kulia likaenda vizuri. La kushoto likaangukia kwenye doa langu. Akanyoa. Akatazama. Akanyoa tena.

"Maji ya Ukerewe," akanung'unika, "yanaotesha ndevu sugu."

Mimi nimesimama pembeni, pikipiki iko mkononi na haiko mkononi. Nikisema, nimeikosa; nisiposema, mjomba anamaliza shavu.

"Baba," mkewe akamwita, "hilo shavu umelinyoa mara tatu."

"Nne," nikasema. Mdomo wangu haujui kuacha hesabu ipite na kosa.

Mjomba akagusa shavu lake, laini. Akagusa ekzosi. Akanusa kidole.

"Umeipaka nini?"

"Kiatu, mjomba. Lakini ulisema mchubuko. Doa hatukulizungumza."

Akajifuta povu lililokuwa limeanza kumkaukia. Mkewe alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika.

"Kweli, nilisema mchubuko," akakubali hatimaye. "Pikipiki ni yako."

Kabla sijamaliza kushukuru akaitisha spana. Akafungua bolti mbili, akaichomoa ekzosi yake, akaifunika kwa taulo.

"Nilisema pikipiki. Kioo changu hatukukizungumza."

Nikarudi nyumbani kwa ngurumo iliyotoa watu madukani toka Nyakato hadi Mabatini. Nilipoiegesha juu ya mwamba ikaanguka kulia, ikalalia katambuga yake vizuri kabisa. Haikuchubuka ekzosi hata kidogo.