Ninaishi kwenye nyumba ya wazee kwa jina la dada yangu marehemu

Admin, asante kwa kunifichia jina. Ndugu zangu, mimi ni mwanamke wa hapa Kolwezi, mjane, nina miaka hamsini na miwili. Kwenye karatasi nina sitini na mmoja, na taabu yangu yote iko ndani ya hiyo miaka tisa.

Wazazi wetu walikuwa watu wa Kasai, lakini sisi tulizaliwa hapa, baba akifanya kazi ya mgodi. Miaka ile sisi watu wa Kasai tulipofukuzwa huku Katanga, tulikaa majuma mengi kwenye stesheni tukingoja treni, watu wamelala chini na mizigo yao, mvua juu yetu. Dada yangu mkubwa, nimwite Monika, alishikwa na kuhara palepale. Alikufia ndani ya treni siku ya tatu, tukamzika kando ya reli, mahali ambapo mpaka leo sijui panaitwaje. Mimi nilibaki na kadi yake ya ubatizo, nikaitunza ndani ya Biblia.

Baadaye nilirudi Kolwezi na bwana yangu. Alikufa, hatukupata mtoto, nikapanga chumba mtaa wa Kasulo. Jirani akachimba kobalti chini ya nyumba yake, shimo likapita hadi chini ya kwangu, sakafu ikaanguka pamoja na kitanda. Namshukuru Mungu saa ile nilikuwa misa. Nililala kwenye baraza za watu miezi mitatu, ndipo nikasikia habari ya nyumba ya wazee ya parokia moja hapa mjini. Ni vyumba vinane, uwanja mmoja, jiko moja. Asiyefika miaka sitini haingii. Hata mjukuu hawezi kulala mle. Masere, yule mtawa anayeichunga, aliniomba karatasi ya ubatizo. Nilimpa ya Monika. Aliitazama, akautazama huu uso wangu uliochakaa kwa shida, akasema, "Karibu, Mama Monika." Kosa likawa limekwisha kutendeka, rahisi namna hiyo.

Sasa ni mwaka mmoja. Naishi vizuri nao, nawapikia bukari, ugali wetu wa huku, nawafulia wasioweza kuinama. Tata mmoja, mzee wa chumba cha pili, aliyekuwa dereva wa mgodi, hunitania nikitoka kuchota maji na madumu: "Eh Mama Monika, sitini na moja gani hii inabeba bidon mbili? Utuonyeshe dawa yako na sisi!" Wote wanacheka. Mimi pia nacheka, naharakisha kuingia jikoni.

Pasaka iliyopita chumba kimoja kilibaki wazi, akaletwa mama mmoja aliyepita miaka themanini, macho yake karibu hayaoni. Masere alipotutaja majina, mmoja mmoja, alipofika kwangu yule mama akasimama. "Monika wa nani? Wa kampi ya mugodi?" Ndipo nikamtambua. Ni mama wa ubatizo wa dada yangu, jirani yetu wa zamani, mtu wa Katanga ya kaskazini. Siku vijana walipokuja kututoa nyumbani kwetu, Monika alikimbia kugonga mlango wake. Nilikuwa nyuma yake. Mlango haukufunguliwa.

"Mutoto yangu! Uko muzima! Mi baliniambia ulikufia mu treni!" Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akalia mpaka masere naye akalia. Halafu akauliza, "Na mudogo yako, kale kasichana?"

Nikasema, "Kalibakia mu njia, mama."

Nilijiua kwa kinywa changu mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila jioni anasali rozari, na fungu moja ni la kuiombea roho yangu pumziko, kwa jina langu la kweli. Mimi nimekaa kando yake, naitikia.

Siku moja namwosha miguu, akaniambia, "Monika, ile siku ulinigongea, nilikuwa nasikia sauti yako. Bwana yangu alisimama ku mulango, akasema nikifungua atanifukuza mi pia. Nikakaa chini. Hakuna siku nasahau. Unanisamehe?"

Nikajibu, "Nilikusamehe zamani, mama." Akatabasamu kama mtoto, akasema sasa anaweza kufa. Lakini ndugu zangu, mimi mwenyewe sijamsamehe. Na Monika hakuna aliyemuuliza.

Juma hili masere ametukusanya. Kampuni ya mgodi inachukua kiwanja chetu, shimo lao limekaribia, kuta za jiko zimeanza kupasuka. Tutahamishwa. Vyumba vipya watapewa wale tu ambao miaka yao imethibitishwa, na kila mtu alete shahidi wa kuapa mbele ya padri na chefu wa mtaa, mkono juu ya Biblia. Kabla sijafungua mdomo, yule mama akainua fimbo yake: "Shahidi wa Monika ni mi! Mi njo nilimubeba ku ubatizo. Nani anamujua kunipita?" Wazee wakapiga makofi.

Ni Jumamosi hii. Nilienda kuungama, nikafika mpaka kwenye foleni, nikarudi. Nikinyamaza, mama huyu ataapa uongo kwa jina la Mungu akiwa karibu na kaburi, bila kujua. Nikisema, Monika atakufa tena mikononi mwake, na mimi nitarudi kwenye baraza za watu. Nasali, sisikii kitu. Sioni njia yoyote ambayo mtu haumii.

Wamama na watata mnaosoma hapa, ninyi mnaomjua Mungu kunipita, msinifiche neno hata likiwa kali: nimwache aweke mkono juu ya Biblia, au nimwambie kwamba aliyemsamehe si yule aliyegonga mlango wake?