Fomu Inaniuliza Kabila, na Mimi Nilishalijibu Swali Hilo Mara Moja

Habari zenu wapendwa. Admin, nifiche jina, na nchi yangu usiitaje. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Rågsved, Stockholm, na mume Mtanzania na binti mmoja. Natunza wazee huko Farsta.

Mama yangu anaumwa sana nyumbani. Pasipoti yangu imeisha, na ofisi ya nchi yetu inasema haitoi nyingine mpaka nijaze fomu ya kuhesabu raia walioko nje. Nilijaza vizuri mpaka swali la tisa: kabila. Hapo mkono uligoma. Fomu ikakaa mezani siku nne, nikawa naizunguka naifuta vumbi.

Mume wangu ni Mpare. Kwao kabila ni utani, yeye na rafiki zake Wachagga wanatukanana mpaka machozi ya kicheko. Akaona nasuasua, akachukua kalamu akaandika mwenyewe: "Mpare, kwa ndoa." Akaituma, akacheka peke yake jikoni. Jamani, nilimpigia kelele ambazo hajawahi kuzisikia. Binti akatoka chumbani, akasoma nakala, akasema kwa Kiswidi, "Men mamma, så frågar man väl inte?" Yaani, mama, watu hawaulizwi hivyo; kwake swali lenyewe ni utovu wa adabu. Shuleni kwao hapa hajawahi kuulizwa.

Jumatatu ofisi ikapiga.

"Dada, namba tisa umeandika Mpare. Hilo kwetu halipo. Chagua kati ya yaliyopo."

"Naomba niiache wazi."

"Ikiwa wazi haipokelewi. Ni takwimu tu, dada, unaogopa nini?"

Sikumjibu. Ninyi nitawajibu, maana hamnijui.

Nilikuwa na miaka saba. Wiki ile mwalimu alikuwa ametusimamisha darasani kwa makabila atuhesabu, na mimi sikujua nisimame wapi, kwa sababu baba na mama walikuwa wa makabila tofauti. Mwalimu akaniambia mtoto hufuata kabila la baba, akanitajia. Siku chache baadaye wakaja wanaume watatu wa serikali getini. Mama alikuwa sokoni. Mmoja akachuchumaa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba yako ni kabila gani?" Nililijua jibu, na nilijisikia fahari kulijua. Nikasema. Baba alikuwa ndani anapumzika. Walimchukua, hakurudi.

Mama anaamini jirani yetu ndiye aliyemchongea. Hawasalimiani mpaka leo, na yule mzee bado yupo, nyumba ya pili. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Yeye anadhani nimekasirikia mwandiko wake.

Tangu Jumatatu sikai chini. Nasafisha kabati lililo safi. Jana nilipitiliza kituo, nikajikuta Hagsätra mwisho wa reli, nikarudi nyumbani kwa miguu kwenye baridi. Nikiweka alama kwenye kabila la mama, namkana baba. Nikiweka la baba, ni jibu lilelile, kwa serikali ileile, na safari hii nina akili zangu timamu. Watu wananiambia mambo yamebadilika. Basi kama yamebadilika, wanauliza ya nini?

Mama alipiga leo asubuhi, sauti imekuwa ndogo. Akasema, "Jaza tu mwanangu, ni wino. Uje nikuone." Nikasema nitajaza, nikamkatia simu mgonjwa.

Ofisi inafunga kupokea fomu Ijumaa. Nishaurini, niweke alama na niende? Na nikifika, nimwambie kwamba jirani hakusema kitu, aliyesema ni mimi? Au nimwache aondoke na chuki yake, maana angalau mimi ananipenda?

Nitasoma maoni yote, hata ya matusi. Naomba kitu kimoja tu: asitokee mtu hapo chini akaniuliza mimi ni kabila gani.