Mwiko wa Paka Wetu

Tuliporudi mjini kwetu Mocímboa, Msumbiji, panya walikuwa wamekwisha kugawana vyumba. Mke wangu anauza mchele unaotoka ng'ambo ya Ruvuma, na magunia yake hukaa juu ya uchaga, jukwaa la miti lililoinuliwa kidogo ili unyevu usipande. Panya walihamia chini yake. Tukachukua paka, dume la rangi ya majivu, naye mwanzoni alifanya kazi nzuri. Kisha akanenepa. Siku moja aliingiza kichwa chini ya uchaga, mabega yakakataa, akabaki hapo akilia mpaka tukahamisha magunia kumtoa.

Kaka wa mke wangu, mvuvi wa kisiwa cha Macaloe, alikuwapo.

"Shemeji, huyu paka au mto wa kulalia?"

"Ni paka," nikamjibu.

"Basi nipe mimi. Kisiwani kuna utumbo wa samaki, magunia hakuna. Atastarehe."

Mke wangu hakucheka. Alisema kaka yake atakuja tena kuuza samaki kabla ya Ramadhani. Kama siku hiyo paka hapiti chini ya uchaga, ataondoka naye, na sisi tutatafuta mwembamba. Mimi nilikuwa nimemzoea huyu. Ndiye pekee nyumbani anayetulia nikisoma kwa sauti.

Nikaanza kusoma habari za paka, kwenye simu, kwa Kireno, kamusi pembeni. Nilijifunza kwamba paka mzima ni mla nyama, na wali humjaza tumbo tu. Maziwa si lazima. Maji ndiyo lazima. Samaki peke yake kila siku hatoshi. Chumvi, vitunguu na mifupa iliyopikwa humdhuru. Nikapanga: asubuhi samaki wa kuchemshwa, changu aliyetolewa miiba, kiasi cha kikombe cha kahawa, jioni kikombe kama hicho cha nyama ya kuku, pamoja na kipande kidogo cha ini au moyo. Kuku niliwaagiza kijiji cha Mbau.

"Mimi nakula matapa ya majani ya muhogo," mke wangu akasema, "paka anakula kuku wa Mbau."

"Wewe hujakwama chini ya uchaga."

Akachukua sahani yake, akaenda kula uani.

Paka alikula chakula chake kwa adabu, akatoka nje, na akazidi kunenepa. Nikatafuta kikombe kidogo zaidi. Akanenepa. Ndipo nikamfuata. Alikuwa akipita mlango kwa mlango, na kila mlango ulikuwa na sahani. Kwetu paka akija wakati wa chakula hafukuzwi. Ni mgeni, na kumlisha kuna thawabu. Sikuthubutu kumwambia jirani asimpe, maana angesikia kwamba chakula chake kibaya.

Nikaandika kikaratasi: "Nimekwisha kula nyumbani. Naomba msinipe kitu." Nikamfungia shingoni. Kikalowa siku hiyohiyo. Nikaandika kingine, nikakikunja mpaka kikawa kidogo, nikakitia katika plastiki, nikakishonea ndani ya kipande chekundu cha kapulana kuukuu, leso ya kujifunga ya mke wangu, na kukaza kwa uzi mweusi. Maji yasingeingia tena. Niliridhika.

Kesho yake bibi jirani alikuja kunipa pole.

"Mwanangu, mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi, bibi?"

"Paka. Tumeona hirizi. Maskini! Nimempa papa wa nazi, na hapo nyumba ya pili wamempa vitumbua, apate nguvu."

Nikamweleza kwamba ndani mna karatasi tu, ningependa ifunguliwe na isomwe. Bibi akarudi nyuma.

"Nifungue hirizi ya watu? Mimi?"

Chumbani nilimsikia mke wangu akicheka, uso ameuziba kwa kanga. Bibi akashusha sauti. "Na mwiko wake nini? Hirizi haikosi mwiko. Tusije tukamharibia dawa."

Nikafikiri. Sikutaka kusema uongo, wala sikusema.

"Bibi, ile si hirizi. Lakini mwiko anao. Chumvi, nazi, vitunguu, mafuta, na chochote kilichopikwa nje ya nyumba yake."

"Ewaa!" akasema. "Mwiko mzito huo. Aliyemtengenezea anajua kazi."

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Paka alikaa milangoni akalia. Akapewa pole na maji. Bibi alifunika sufuria kila akimwona. "Vumilia, mume wangu," akimwambia, "dawa ni chungu."

Shemeji alipokuja, siku chache kabla ya Ramadhani, alikuja na tenga la kumbebea. Tukasimama mbele ya uchaga. Paka akakaa, akajilamba mguu.

"Anaaga," shemeji akasema.

Kitu kikakwaruza chini ya magunia. Paka akajilaza, akajivuta, mkia ukapotea gizani. Zikasikika vurugu, kisha akatoka na panya mdomoni, hirizi imemkalia sikioni.

"Kaka," mke wangu akasema, "tenga lako tia samaki."

Juma lililofuata jirani wa nyumba ya pili alileta kitambaa chekundu. Alitaka nimshonee mumewe, ambaye tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia njiani.

"Ile ni karatasi tu," nikamwambia.

"Hirizi zote ni karatasi, shehe. Na huyu wangu naye hana mlango anaoupita bila kula."

Nikaenda kutafuta uzi mweusi.