Mate ya Babu na Kitambaa cha Mgeni

Nakumbuka Jumamosi moja pale kwetu Ngaramtoni, mwanangu, siku uchumba wa kaka yangu Loserian ulipotaka kuvunjika kwa sababu ya kitambaa cha mfukoni.

Kaka alikuwa amempata Anna, muuguzi kutoka Finlandi, na siku hiyo baba yake Anna alikuja kujitambulisha. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, kwa hiyo nikapewa kazi ya kutafsiri. Mgeni aliambiwa saa nane, akafika saa nane kamili. Mama alikuwa bado anamenya ndizi, na baba mdogo hakuwa amevaa hata shati. Hilo la kutukuta hatujawa tayari tulilimeza.

Babu akainuka kumpokea. Wewe umezaliwa mjini, labda hujawahi kuona: mzee wa Kiarusha akimpenda mtu humbariki kwa mate. Babu akamtemea kidogo kwenye paji la uso. Mgeni akarudi nyuma, akatoa kitambaa, akajifuta.

Baba mdogo akasimama.

"Amefuta baraka ya baba yetu mbele ya watoto. Hatuna la kuzungumza tena. Loserian atafute mke kwingine."

Anna alianza kulia. Nikasita, sikujua kama nitafsiri maneno yale au niyaache. Babu akamwambia baba mdogo, "Keti, mwanangu. Mtu amekuja kwa ndege, unamfukuza kabla hujamuuliza?" Kisha akanigeukia mimi. "Mwambie sikukasirika. Muulize, kwao mate ni kitu gani?"

Nikauliza. Mgeni akajibu taratibu, na mimi nikawa nasema kila alichosema.

"Kwetu baridi inakaa miezi mingi. Nilipokuwa mdogo tulijifungia wote chumba kimoja chenye moto, madirisha yamezibwa. Dada yangu akapata kifua kikuu, akafa. Mama alituchapa tukitema mate hata nje. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, mzee wangu. Nisamehe."

Babu akatikisa kichwa. "Pole kwa dada yako. Sisi tulikulia na ng'ombe kwenye nchi kavu, maji tunayafuata mbali. Anayekupa unyevu wa kinywa chake amekupa kitu cha thamani. Ningezaliwa kwenu, na mimi ningejifuta."

Akaagiza maziwa. Akang'oa majani mabichi, akayachovya, akamnyunyizia mgeni, kwa maana hiyo nayo ni baraka yetu. Safari hii yule mzee aliinamisha kichwa, na alipokiinua maziwa yalikuwa yakimtiririka shingoni, wala hakuyagusa.

Baba mdogo hakulainika siku ile. Hata kwenye harusi kanisani alikaa viti vya nyuma. Miaka mingi baadaye ulipokuja ugonjwa wa korona, nilimkuta msibani amesimama mbali, mikono mgongoni, hataki kushikana na mtu. Akaniambia, "Sasa namwelewa mkwe wetu." Kwa bahati mbaya mkwe mwenyewe, baba yake Anna, alikuwa ameshafariki.

Mwanangu, watu hawakuchagua desturi zao kama mtu anavyochagua nguo sokoni. Baridi, ukame, njaa, magonjwa, mifugo, dini, ndivyo vilivyowafundisha, na kila nchi ilifundishwa yake. Utakapofanya kazi na Mchina, ukaolewa Pwani au ukapanga nyumba moja na Mhindi, utaona jambo litakaloonekana kama dharau. Pengine ni dharau kweli, wapo wenye dharau kila mahali. Lakini uliza kabla hujasimama na kuondoka. Na wewe ukiulizwa, eleza kwa upole, usione aibu kwa yenu.

Mungu akupe subira ya kusikiliza jibu lote. Akujalie wakwe wema, na popote utakapofika duniani, wenyeji wakuite wa kwao.