Jioni Tuliyolala Njaa kwa Ajili ya Kanini

Jioni hii paka wangu amekaa kando ya sahani yake tupu, ananitazama kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mchelewaji. Kesho asubuhi anapelekwa kufungwa kizazi, na daktari ameniandikia kwa herufi kubwa: ASIPEWE CHAKULA. Nami, mtu ambaye kwa wiki nzima safari yake ndefu ni ya kwenda langoni na kurudi, nimejifungia chumbani nisije nikalegea. Maana kwetu, rafiki yangu, huruma ya chakula ni ugonjwa wa ukoo.

Nililelewa karibu na soko la Tala, kwa nyanya yangu. Susu, kama tunavyosema Ukambani. Pale nyumbani tulikuwa na mbwa jike aliyeitwa Kanini, yaani kadogo, ingawa hakuna aliyekumbuka alikuwa mdogo lini. Kila mvua ilipokuja, naye alikuja na watoto sita chini ya ghala la mahindi. Majirani walichoka kugawiwa. Wakituona kwa mbali na kikapu, walifunga milango. Mwishowe baba mdogo, aliyekuwa akiishi nasi, akatoa hukumu: "Akizaa tena, nampeleka Lukenya kwa rafiki yangu, akalinde mawe ya machimbo." Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Kanini ndiye aliyenilaki njiani kila nilipotoka shule, hata siku ambazo ripoti yangu haikustahili kulakiwa na mtu.

Basi kanisani kukatangazwa kwamba daktari wa wanyama atakuja uwanja wa soko Jumatano, afunge mbwa kizazi bila malipo. Sharti ni moja: mbwa asile tangu jioni.

Sharti hilo lilikuwa limekosea boma. Kwa susu mtu hatoki na tumbo tupu; hata mgeni aliyepita kuuliza njia alikalishwa kwanza, akala isyo, mahindi na maharagwe yake, ndipo akaonyeshwa njia.

Jumatano baba mdogo alimsukuma Kanini kwa wilbaro, susu mbele na kitambaa chake cha kanisa, mimi nyuma. Zamu yetu ikafika. Daktari, mama mmoja mwembamba aliyevaa gambuti, akauliza, "Amekula?"

"Aiee, hajala," susu akajibu, akiangalia vilima.

"Vizuri. Juu akiwa na chakula kwa tumbo, atatapika akiwa amelala, iingie kwa mapafu. Hapo nitampoteza."

Sindano ilikuwa tayari mkononi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwekea Kanini nusu ya muthokoi wangu, mahindi ya kukobolewa, nyuma ya choo. Nikisema, tunarudishwa, na Lukenya inamngoja. Nikinyamaza, huenda asiamke.

"Daktari, nilimpa muthokoi!" nikapayuka.

Nikainamisha kichwa kungoja kofi. Halikuja. Susu alipangusa pua. "Na mimi nilimpa mfupa. Lakini haukuwa na nyama mingi."

Baba mdogo akakohoa. "Chapati," akasema. "Nusu tu."

Daktari akaweka sindano chini, akacheka hadi akashika meza. "Huyu amekula kuliko mimi! Ijumaa niko Kangundo. Mkimleta ameshiba tena, nitawafunga nyinyi watatu."

Njia nzima susu hakumwacha mwanawe apumue. "Wewe wa Lukenya, kumbe ndiwe wa chapati?" Baba mdogo akaongeza mwendo wa wilbaro.

Alhamisi jioni moto haukuwashwa. Susu aligeuza sufuria zote kifudifudi. "Kama Kanini hali, hakuna anayekula. Tukipika, kuna mkono utateleza." Jirani, kwa kuona hakuna moshi, alituletea viazi vitamu vya moto, susu akamrudisha navyo, jambo lililosimuliwa kijijini mwezi mzima. Tukakaa, watu watatu na mbwa mmoja, matumbo yakisalimiana.

Ijumaa Kanini akafungwa. Alirudi amelala kwenye wilbaro, ulimi nje, amefunikwa leso. Alipoanza kuinua kichwa tulimpa uji mwepesi, kidogo. Nikamvalisha sweta yangu kuukuu ya shule, miguu ya mbele ikipita kwenye mikono, asiufikie mshono kuulamba. Siku kumi asikimbie, asiruke, asilowe. Susu alitaka kuupaka majivu. Nikamkumbusha kuwa daktari alikataza kupaka chochote. "Haya, daktari," akanikejeli, lakini majivu akayarudisha. Nilisamehewa kuteka maji ili nimshike kamba kivulini na kuukagua mshono asubuhi na jioni kama umevimba. Hapo ndipo nilipogundua kipaji changu cha pekee, kukaa nyumbani, na sijakiacha hadi leo.

Lukenya haikutajwa tena. Kanini aliishi nasi mpaka pua ikawa nyeupe, mnene kama gunia la mbaazi, akilala mlangoni mwa jiko mahali ambapo kila mtu alilazimika kumruka. Alipokufa, susu aliendelea kukwangua ukoko wa sufuria na kuumwaga pale pale kila jioni, na kuku ndio waliofaidi. Hata baba mdogo hakumwambia aache. Baadaye susu naye akaenda, jiko la kuni likabomolewa, tukajenga la gesi. Siku hizi mtu anaingia moja kwa moja. Hakuna wa kumruka.